Aliyetumwa Msibani

Mtoto wa Meya alikuwa na koti la msibani kabla hajawa na begi la shule. Lilikuwa jeusi, kazi ya fundi mmoja wa Kibuli aliyeambiwa alikate kubwa ili mvulana alikulie ndani, na kwa miaka mingi mikono yake ilimfunika hadi ncha za vidole. Alilivaa juu ya kanzu nyeupe, kama wavaavyo wanaume wa Buganda siku ya shughuli. Ukimwona kwa mbali akipanda gari la baba yake ungedhani ni mzee mfupi anayekwenda kuamua kesi ya ukoo.

Siku hizi watu wanamjua kama mheshimiwa, mwenye picha kwenye nguzo za umeme wakati wa kampeni. Sisi tuliokua naye hatukumpa jina jingine. Alikuwa Mtoto wa Meya alipong'oka meno ya utoto, na alikuwa Mtoto wa Meya alipoota mvi, wakati Meya mwenyewe ameshalala kaburini miaka mingi.

Mimi nilimjulia getini. Baba yangu alikuwa askari polisi, mtu wa Nebbi, mbali kaskazini, aliyepangiwa kulinda nyumba ya Meya kule Bugolobi, mjini Kampala. Familia yetu iliishi katika vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa, upande ambao upepo ulileta harufu ya kahawa mbichi kutoka viwandani. Kila mtu alimwita baba Afande, kuanzia Meya hadi muuza maziwa, nami nitamwita hivyo hapa. Afande hakujua Luganda vizuri, na wenye nyumba hawakujua Kialur, lugha ya kwao, hata kidogo, kwa hiyo getini kilisemwa Kiswahili, kile Kiswahili kifupi na kikavu cha kambini. Meya hakukipenda. Kwa watu wa umri wake hiyo ilikuwa lugha ya wanaume wenye bunduki waliogonga milango wakati wa vita. Mwanawe alikipenda kuliko kitu chochote ndani ya ua ule. Sababu nitaifikia. Kwanza nieleze koti.

Asiyewahi kuishi Kampala huenda asielewe kwa nini mtoto ashonewe nguo ya msibani. Huku kwetu kifo kikitokea, watu huhesabiwa kwa macho: nani alikuja, nani alikaa, nani alileta mabugo. Zamani mabugo yalikuwa vitambaa vya gome la mti vya kumzungushia marehemu. Leo ni bahasha, ila jina limebaki. Mtu wa kawaida akikosa msiba mmoja husamehewa. Mwanasiasa hasamehewi. Wala asimtume dereva, maana kumtuma dereva ni sawa na kutuma gari tupu. Nafasi ya mtu msibani hujazwa na damu yake.

Sasa fikiria miaka ile. Vita vilikuwa vimekwisha, mji umeanza kupakwa rangi upya, lakini ugonjwa wa kukonda, ambao watu waliuita silimu, ulikuwa unaingia nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na wiki ambazo ungetoka Kyebando mpaka Kibuli na usikose moto wa matanga katika kila kichochoro. Meya hakuweza kuwa kila mahali. Alikuwa na mabinti, ambao kwa fikra za wakati ule hawakuhesabiwa kwa kazi hiyo, na mvulana mmoja. Basi mvulana akashonewa koti.

Maneno alifundishwa sebuleni, amesimama juu ya zulia, baba yake ameketi mbele yake kama vile yeye ndiye wafiwa wote. "Meya amesikitika sana kwa msiba huu mzito. Ameshindwa kufika kwa sababu ya kazi nyingi za mji. Amenituma mimi, damu yake, nikae nanyi." Kisha apige magoti, atoe bahasha kwa mikono miwili, aseme "kitalo", ambalo ndilo neno la Waganda la kumpa pole mfiwa, halafu akae kimya mpaka mzee amwambie aende. Mama yangu, aliyekuwa akisaidia jikoni, alisema sauti ile ya kitoto ilipofika kwenye "kazi nyingi za mji" alitaka kucheka, lakini hakucheka.

Mama Meya hakukubali kimyakimya. Mchana mmoja tuliwasikia barazani, gari likiwa limeshawashwa.

"Leo ana mtihani wa hesabu," alisema. "Mtume dereva."

"Dereva si damu yangu."

"Basi nenda wewe, ssebo. Au na wewe si damu yako?"

Meya alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. "Nnyabo, hesabu zitamngoja kesho. Marehemu hatamngoja."

Mama Meya akainama, akamfunga mwanawe vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayetaka gari lichoke kungoja. Gari halikuchoka.

Afande alikuwa na sheria yake getini. Mtoto yeyote, awe wetu au wa Meya, hakutoka mpaka asimame wima, mkono kwenye paji la uso, na kusema, "Afande, naomba ruhusa." Afande angekunja uso kama jenerali.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuenda duka."

"Nani ametuma wewe?"

"Hapana mtu, Afande. Mimi mwenyewe."

"Sawa. Ruhusa. Rudi kabla ya giza."

Bila jibu hilo hukuondoka, hata kama geti liko wazi. Askari wa kweli, alituambia, hajipi ruhusa mwenyewe. Sisi wengine tuliona ni mchezo na tukauchoka upesi. Mtoto wa Meya hakuuchoka. Alikuja kuomba ruhusa ya kwenda dukani hata akiwa hana haja na dukani. Alipopewa, alivuka barabara, akasimama upande wa pili akitazama magari, akarudi. Nilimwona mjinga. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akilifuata lile swali la Afande. Getini ndipo mahali pekee alipoulizwa ni nani aliyemtuma, naye akaweza kujibu kwamba hakuna. Na kwa kuwa swali hilo liliulizwa kwa Kiswahili, alikipenda Kiswahili.

Siku za misiba hakuomba ruhusa. Gari lilipita tu, Afande akapiga saluti, na dirishani ukaonekana mkono wa koti usio na vidole ukituaga.

Mama alimjazia njugu za kukaanga kwenye mfuko wa koti lile, kwa kuwa mtoto aliyetumwa kama mzee hawezi kukimbilia jikoni na wenzake kugombea ukoko. Mara nyingi alizirudisha zote. "Walikuwa wananiangalia," alisema. Tulizila sisi, na zilikuwa na harufu ya moshi wa watu tusiowajua.

Nyuma ya nyumba tulicheza michezo ya watoto wote, lakini mchezo wake ulikuwa matanga, na kwa kuwa aliyajua kuliko sisi, alitufundisha. "Aliyekufa kwa silimu, hapana uliza aliugua nini. Sema amepumzika. Aliyegongwa na gari, hapana taja gari. Mjane hapana angalia macho, ataanza upya." Alikuwa na miaka tisa hivi. Wadogo zangu walipiga yowe, mimi nikawa mjane, yeye siku zote akawa mgeni wa heshima. Siku moja aligoma.

"Leo nataka kuwa maiti."

"Wewe mgeni," nikamwambia. "Nani atatoa hotuba?"

"Sijui. Maiti hapana sema."

Tukamfunika shuka la mama. Tukalia, tukaimba, tukamzika kwa majani ya mgomba, na tulipomaliza hakuamka. Alikuwa amelala fofofo. Wadogo zangu walitaka kumtekenya, Afande akawakataza. Alileta kiti chake, akakaa kando ya lile kaburi la majani, na alipokuja mjumbe kutoka nyumba kubwa kusema kijana anatakiwa akavae, Afande alimwambia angoje kwanza. Ilikuwa mara ya pekee niliyomwona akikawiza amri.

Chakula cha jioni katika nyumba kubwa nilikijua kwa sababu nilisaidia kuondoa vyombo. Meya alimpenda mwanawe kwa namna aliyoijua. Alimtilia nyama yeye kwanza, kisha akaanza kuuliza.

"Walikuwa wengi?"

"Wengi, taata."

"Wale wa chama kile walikuja?"

"Walikuja. Walikaa nyuma."

"Na walisema nini juu yangu?"

"Walisema asante."

Baba alitabasamu, mwana akala, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao mwaka hata mwaka. Sikumsikia Meya akimuuliza kama yeye aliogopa, au kama maiti aliyemwona alikuwa mtoto mwenzake. Baba wengi wa wakati ule hawakuuliza. Mimi sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na wazazi wakija kuniona huwaambia jambo hili bila kutaja nilikojifunzia: mtoto akirudi nyumbani, muulize habari zake kabla ya kumuuliza habari za alikotoka. Si jambo gumu, na hata mzazi aliyekosea jana anaweza kulianza leo.

Alikua. Koti la fundi wa Kibuli likambana, Mama Meya akalikunja na kulitia sandukuni, na yeye akanunuliwa mengine. Akasoma, akaoa, akapata ofisi mjini. Lakini utoto ule haukutoka mwilini mwake. Ukipita naye Kyebando angekuonyesha: hapa tulimzika mwalimu, pale mapacha, nyumba ile yenye mlango wa bluu walikufa baba na mama mwaka mmoja. Mwenye nyumba aliye hai akitoka kumsalimu, alimtazama kama mgeni. Waliokufa aliwajua wote kwa majina. Walio hai walimchanganya. Harusini hakukaa. Alisema hajui mikono yake aiweke wapi.

Aliweza kuufanya umati mzima ulie, sauti ikishuka pale inapotakiwa kushuka, na macho yake yakabaki makavu kama ukuta. Nilipomuuliza kuhusu hilo alijibu bila majivuno wala huzuni: "Dada, pole niliyokuwa napeleka haikuwa yangu. Utalilia mzigo wa mwenzio?"

Kisha Meya akafa.

Alizikwa kijijini kwao, chini ya mahema, mbele ya viongozi wa dini zote na wa vyama vyote. Mimi na Afande tulisimama nyuma, pamoja na walinzi wenzake. Mwongozaji wa shughuli akamwita mwana aseme neno. Akaja mbele ya jeneza, koti jeusi likimkaa sawa sasa, akashika kipaza sauti, na ile sauti yake iliyozoea ikaanza.

"Meya amesikitika sana kwa msiba huu mzito."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Wengine wakacheka nyuma yake. Mwana hakuwasikia.

"Ameshindwa kufika kwa sababu ya kazi nyingi za mji."

Afande alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Tulijua, sisi wa getini, kwamba haukuwa utani. Alikuwa amesimama mahali aliposimama tangu utotoni na mdomo wake ukaenda peke yake, kwa maana hakuwa amefundishwa maneno mengine ya kusema mbele ya jeneza. Aliendelea mpaka mwisho. "Amenituma mimi, damu yake, nikae nanyi." Kisha akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili kutoa bahasha. Mikono ilikuwa mitupu, na mbele yake hapakuwa na mfiwa wa kumpa pole. Mama Meya akainuka kwenye mkeka wake, akaenda kuishika mikono ile, na wakabaki hivyo.

Kilichofuata ndicho kilichomfunga maisha. Kesho yake mji mzima ulisema hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka. "Umeona akili? Meya ameshindwa kufika kwenye msiba wake mwenyewe! Huyu kijana mwanasiasa kamili." Wazee wa chama wakamfuata nyumbani. Walipoanza kampeni ya ubunge walichapisha fulana za manjano zenye neno moja kifuani: AMENITUMA. Alishinda bila jasho. Kwa umma hakuwahi kusema kwamba alikuwa amepotea tu. Alimwambia Afande, jioni moja ya matanga, akiwa ameegemea geti la Bugolobi.

"Afande, mimi nilipotea pale."

"Najua. Mimi niliona."

"Wao hapana ona."

"Wewe waambie."

Hakuwaambia. Ninachomlaumu ni kidogo. Ungekuwa wewe, mji mzima unakusifu siku moja baada ya kumzika baba yako, ungesema nini?

Afande alistaafu akahamia Kyebando, kwenye nyumba ndogo yenye geti la mabati alilolipaka rangi mwenyewe. Mheshimiwa, kama alivyoitwa sasa, hakutusahau. Sukari ilikuja, blanketi likaja, mabati ya kuezekea jiko yakaja. Kila mara yaliletwa na mtu mwingine, na kila mara Afande aliuliza, "Nani ametuma wewe?"

"Mheshimiwa."

"Yeye mwenyewe iko wapi?"

"Ana kazi nyingi, mzee."

Afande alipokea kwa shukrani na kuingia ndani bila kufungua mfuko.

Alipougua, akili yake ilianza kurudi Bugolobi. Jua likishuka aliniita kitandani.

"Geti imefungwa?"

"Imefungwa, baba."

"Kijana amerudi?"

Nilijua ni kijana gani. "Bado, baba."

"Basi hapana funga."

Nikaenda kulifungua, kila jioni. Nilimpigia Mtoto wa Meya simu nikamweleza hayo yote. Akasema, "Dada, nakuja. Wiki hii misiba imenibana, nikimaliza nakuja." Nilimwamini, maana alikuwa anasema kweli: misiba ilikuwa imembana tangu utotoni. Afande akafa geti likiwa wazi.

Siku ya matanga tulikuwa tumeketi uani, jeneza ndani, ndugu wa Nebbi wakipanga safari ya kumpeleka nyumbani. Gari kubwa likasimama njiani. Akashuka mvulana wa miaka minane hivi, kanzu nyeupe, na juu yake koti jeusi lililomfunika vidole. Sikuhitaji kuambiwa ni koti lipi. Vifungo vilikuwa vilevile.

Alipita katikati ya watu, wakimpisha kama mzee. Alipiga magoti mbele yangu. "Mheshimiwa amesikitika sana kwa msiba huu mzito. Ameshindwa..."

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Umekula?"

Akamtazama dereva. Dereva akatazama chini. Nikatia mkono katika mfuko wa koti, ulikuwa mtupu. Nikaenda jikoni nikaujaza njugu, nikamkalisha pembeni yangu, nikawaambia watu wasimwangalie. Alikula zote.

Alipokuwa akiondoka nilimrudishia bahasha yake. "Mwambie baba yako salamu zake hazijapokelewa. Mwambie Afande anaondoka kesho asubuhi, na geti bado liko wazi."

"Atanigombeza?"

"Hapana. Wewe umefanya vizuri sana. Ila hii si kazi yako."

Asubuhi lori lilikuwa limeshapakiwa, jeneza katikati, mabenchi pande zote mbili, dereva amewasha injini, Mtoto wa Meya alipofika. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe. Hakuwa na koti, hakuwa na watu wake, shati limetoka nje ya suruali upande mmoja. Simu ililia mfukoni kabla hajasalimia. Alinitazama. "Kuna maziko ya mtu mkubwa jimboni kwangu," alisema. "Wananingoja nianze."

"Mheshimiwa! Neno moja!" wazee wa mtaa wakapiga kelele, mmoja ameshashika kipaza sauti.

Alitikisa kichwa. Akapanda lori kwa kushika ubao, kama tulivyopanda malori tukiwa watoto, na binamu zangu wakavuta miguu kumpisha. Akasimama mbele ya jeneza. Akakaza magoti, akainua mkono hadi kwenye paji la uso.

"Afande, naomba ruhusa."

Wadogo zangu wakanigeukia. Wote tulijua jibu, na sauti yangu, watu husema, inafanana na ya baba. Ningeweza kusema maneno yale na kumwachia aende zake kwenye maziko yake. Lakini mtu yule alikuwa ameishi umri wake wote katikati ya watu wanaosema kwa niaba ya wengine. Nilifunga mdomo.

Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakuishika. Uso wake ulikuwa umelowa, na nilihitaji kutazama mara mbili ili niamini.

"Huyo anashuka ama anaenda?" dereva akauliza kutoka mbele.

"Hapana mtu, Afande," alisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna kipaza sauti kilichowahi kuisikia. "Mimi mwenyewe."

Akabaki wima, mkono kwenye paji la uso, akingoja. Dereva hakujibiwa na mtu, akaondoa lori.